Bustani ya Majini

Jumatatu, 28 Julai 1975

Nimepunguza majani kwa wembe kabla ya kengele ya kwanza ya shule. Ukiyakata kichwa yanatambaa pembeni. Ukiyaacha yanarefuka kutafuta mwanga, chini yanabaki vijiti vitupu. Vipande vilivyoelea nimevichota kwa chujio la chai. Pembe ya kushoto bado ina upara. Maji yameshuka vidole viwili tangu Ijumaa. Kiangazi kinakunywa hata humu ndani.

Mama Ntandu ameleta madebe yake mawili, ameyaacha mlango wa nyuma kama kawaida. Mimi namwandikia barua za mwanawe aliyeko kwenye mkonge Tanga, yeye ananichotea maji. Ndiyo mapatano yetu. Anasema hajapata kuona kapera anayeoga kama mimi, lazima kuna mchumba mahali. Nimecheka naye. Debe la kwanza nimelimimina mtungini. La pili kwenye sanduku la kioo, kwa majani.

Jumatano, 30 Julai

Vipovu leo, saa nne. Nimewapa darasa la tano hesabu za kuwatosha, nikakimbia nyumbani kuviona. Jua likiingia dirishani, kila jani linatoa kitone cha hewa na kukipandisha juu polepole. Mwalimu mzima nimechuchumaa mbele ya sanduku kama mtoto mbele ya karai la maandazi.

Sanduku ni vioo vinne na fremu ya chuma, urefu wa mkono. Aliniachia mwalimu wangu wa sayansi kule Kilimatinde aliporudi kwao ng'ambo. Nililileta huku juu ya lori, nimelizungushia godoro. Kioo kimoja kilipasuka njiani. Mzee Athumani wa duka la kijiji akanitafutia kioo cha dirisha na udongo wa kukibandikia, akanisaidia kukipachika. Ni yeye peke yake hapa aliyewahi kuliona. Wengine wanajua chumba cha ndani cha mwalimu kina vitabu.

Majani niliyatoa dimbwini, njia ya Issuna, wakati wa mvua. Jina lake la kitabuni silijui. Jani dogo, vipande vinne. Mwaka wa kwanza nilipanda ndani ya maji, asubuhi yake yote yakawa yanaelea. Mara ya pili nikafanya kama kitalu cha mpunga. Matope ya mbugani chini, mchanga kidogo juu, nikachomeka marando, vikonyo vya kupandia, moja moja kwa waya wa mwavuli. Maji sikutia. Kitambaa kibichi juu, siku arobaini. Yaliposhika mizizi nikaanza kumimina, kata moja kwa siku. Hakuna mashine, hakuna mbolea. Jua la asubuhi na subira tu. Sasa yamefunika chini kama zulia. Humo ndani kuna visamaki viwili vyenye mikia myekundu.

Mbona nalificha? Najiambia watoto watalivunja. Ukweli ni maji.

Ijumaa, 1 Agosti

Mkutano wa kijiji. Mwenyekiti, Mzee Hango, ametangaza habari njema. Mtambo wa kuchimba visima utafika upande wetu mwezi ujao. Utachimba kisima kimoja tu, kwetu au kijiji cha jirani. Watatazama wapi shida ni kubwa.

Wanawake walipiga vigelegele kabla hajamaliza. Mwaka jana watu hawa walihamishwa kutoka matongo yao, makazi yao ya zamani, wakaletwa barabarani, wakaahidiwa maji. Kule kwao walikuwa na visima walivyochimba babu zao. Hapa wanakwenda korongoni, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Kila mwanamke ana shimo lake mchangani. Anachimba, anakaa, anasubiri maji yajikusanye, anateka kwa kata.

Madebe mawili ya Mama Ntandu yanatoka huko. Nimeyafikiria mkutano mzima. Sikuyafurahia mawazo hayo, nikayaacha.

Jumanne, 5 Agosti

Fomu ya Elimu ya Kujitegemea imekuja na lori. Inatakiwa irudi na lori hilo hilo keshokutwa. Mwalimu mkuu yuko semina Singida mjini mwezi huu, mimi nakaimu.

Mashamba, nimejaza. Mifugo, kuku sita, nimejaza. Kisha: "Bustani ya shule, hali yake na maji yake."

Bustani ya shule ilikufa Juni. Mwalimu wa bustani ni mimi. Kabichi zilibaki vijiti, mbuzi wakamalizia vijiti. Nimekaa na kalamu mpaka wino ukakauka. Wenzangu wataandika nyanya, wataandika mchicha. Mimi niandike kaburi?

Nikaandika: "Bustani ya majini. Imestawi. Ni kijani kiangazi chote. Maji yanatosha." Nikapiga muhuri.

Nimecheka peke yangu. Hakuna uongo hapo. Bustani ipo, imestawi, ni kijani. Atakayesoma ni karani, ataitia kwenye faili.

Alhamisi, 7 Agosti

Lori limeondoka na fomu.

Pembe ya kushoto inaanza kufunika. Nimeyasifu majani kwa sauti.

Jumamosi, 23 Agosti

Siwezi kuandika vizuri. Nitaandika hivyo hivyo.

Mkutano. Barua kutoka wilayani. Mzee Hango aliisoma mwenyewe, kwa fahari. Kusoma amejifunza ukubwani, kisomo cha watu wazima, na aliyemfundisha ni mimi. Alisoma silabi kwa silabi kama nilivyomfundisha. Kwamba taarifa iliyotoka kijijini kwetu inasema tunayo bustani ya ma-ji-ni. Akasimama hapo. Akarudia. Bustani ya majini, iliyostawi, na maji yanatosha. Kwa hiyo mtambo utapelekwa kwa jirani, kwenye shida zaidi.

Mwanamke mmoja alikaa chini.

Kisha neno likaanza kazi yake. Majini! Nani amewaambia wakubwa kwamba sisi tunafuga majini? Mzee mmoja akasema jambo liko wazi, majini ndiyo yameyafungia maji ardhini, na barua haikukosea, maji yanatosha, yanawatosha wao. Watu wakaitikia. Wakaingia kwenye Kinyaturu. Mimi Mgogo, wakizungumza haraka sishiki. Lakini neno pwani nililisikia. Majini si ya kwetu, yanatoka pwani, wenye maduka ndio wanaoyafuga yawaletee mali. Hakuna aliyetaja jina. Shingo zote ziligeukia upande mmoja.

Mzee Athumani alikuwa ameketi kwenye kigoda chake. Babu yake ndiye aliyetoka pwani. Yeye amezaliwa Singida na bahari hajaiona. Hakuwatazama watu. Alinitazama mimi, mara moja, kisha akatazama kandambili zake.

Mimi ndiye karani wa mkutano. Nimeandika muhtasari wote kwa mwandiko mzuri. Kinywa sikufungua.

Jumapili, 24 Agosti

Nimekwenda kusali. Sikumbuki hata wimbo mmoja.

Nimejitetea siku nzima. Kwamba barua haikutaja shule. Kwamba mwalimu mkuu akirudi atajua la kufanya. Kwamba watu watasahau. Nikizisoma sababu hizi hapa karatasini zinanuka.

Jumanne, 26 Agosti

Nimekwenda dukani kununua mafuta ya taa. Zamani saa kumi pale pamejaa. Leo Mzee Athumani yuko peke yake, anapanga viberiti vilivyokwisha kupangwa. Mlangoni mtu ameweka matawi ya miiba. Mzee mwenyewe ameyasogeza kando, amepita.

Nimemwamkia. Ameitikia. Amenipimia mafuta, amefuta chupa kwa kitambaa, amenipa. Ndipo akauliza, sauti ya kawaida kabisa:

"Majani yako hayajambo?"

Nikasema hayajambo. Nikaondoka nimesahau chenji.

Anajua. Tangu ile Jumamosi anajua. Alilipachika kioo kwa mikono yake, alisikia neno lile likisomwa, akaelewa papo hapo. Angeweza kusimama akasema majini ni ya mwalimu, yako chumbani kwake, twendeni mkaone. Hakusema. Bora angenitukana.

Ijumaa, 29 Agosti

Bi Zena, mke wa Mzee Athumani, amekuja mlango wa nyuma na kisufuria. Wanawake wamemkataza korongoni. Shimo lake wamelifukia. Wanasema akiteka yeye, majini yatayafuata maji ya wenziwe. Siku mbili mumewe amekwenda mwenyewe, mzee wa miaka sitini, amerudi na kidumu nusu.

Aliomba kata moja tu ya kupikia.

Mtungi wangu ulikuwa karibu mtupu, Mama Ntandu anakuja kesho. Nimekwangua chini, nimempa yote. Hatua nane kutoka pale aliposimama, nyuma ya pazia, yamekaa madebe manane ya maji, na samaki wawili wanaogelea.

Akanibariki. Akasema Mungu akuzidishie, mwanangu. Nilishika mlango mpaka alipofika mbali.

Mimi ni mtu mbaya. Naliandika hili ili nilione.

Jumapili, 31 Agosti

Sasa wanataka aondoke. Mzee Hango ameniletea ombi la kwenda wilayani niliandike vizuri. Kwamba mwenye duka ahamishwe, yeye na watu wake, na majini yake, ili wakubwa waturudishie kisima. Litapitishwa Jumamosi mkutanoni. Ananiamini. Anasema Kiswahili changu kimenyooka.

Nimelipokea. Nimesema sawa, Mwenyekiti.

Jumatano, 3 Septemba

Nimekwenda kwa Mzee Hango kumweleza kila kitu. Njiani nilikuwa na maneno yote, kwa mpangilio. Nikakuta anakarabati zizi. Akanipa kigoda. Nikazungumza habari za madaftari ya kisomo kuchelewa. Akakubali kwamba yamechelewa. Nikarudi.

Sijapunguza majani tangu wiki jana. Mwani umeshika kioo, kamba za kijani zimesokota majani. Usipoyashughulikia siku kumi tu, uchafu unatawala. Leo sikuwa na hamu hata ya kufungua pazia.

Ijumaa, 5 Septemba

Ombi liko mezani. Nimeandika mstari mmoja, "Sisi wanakijiji tunaomba kwa heshima." Mkono umekataa hapo.

Nyumba ya Mzee Athumani ninaiona dirishani. Bi Zena anaanua nguo. Anazikunja, anazifunga kwenye shuka. Mtu hafungi mzigo hivyo kwa ajili ya kabati.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimesema.

Mzee Hango aliniita nisome ombi. Nikasimama na ile karatasi ya mstari mmoja. Nikasema taarifa iliyokwenda wilayani niliiandika mimi. Nikasema majini maana yake ndani ya maji. Bustani iliyo ndani ya maji. Ni majani nimeyapanda kwenye sanduku la kioo nyumbani kwangu. Hakuna jini. Mzee Athumani hahusiki, wala mkewe.

Kisha mtu nyuma akaanza kucheka. Wakafuata wote. Walicheka wakashikana mabega, jini ni majani, jini ni majani! Nikacheka na mimi kidogo, mpumbavu, nikadhani imekwisha.

Mzee Hango hakucheka. Alitoa barua mfukoni, akaikunjua, akaweka kidole kwenye mstari. Akasubiri watu watulie.

"Mwalimu, na hapa pameandikwa maji yanatosha. Napo nilisoma vibaya?"

Nikasema hapana. Hapo ulisoma sawasawa.

Sijui watu walinitazama vipi. Niliangalia karatasi. Aliikunja barua, akairudisha mfukoni, akafunga mkutano. Wanawake waliondoka kwanza, jua lilikuwa limepanda na korongo ni mbali.

Jumapili, 7 Septemba

Waislamu wameanza kufunga. Nimekwenda dukani kuomba radhi. Miiba haipo. Watu watatu walikuwa wanangoja sukari, wakaniachia nafasi kama ninavyoachiwa siku zote, mwalimu atangulie. Nikasema mbele yao. Nikapiga goti.

Mzee Athumani akasema ninyanyuke, amefunga, hataki maneno mengi. Akapima sukari ya yule wa kwanza, akafunga pakiti, ndipo akasema:

"Wiki mbili nilikuwa nakungoja, mwalimu. Si kwamba ningekusema. Nilitaka kujua nilimsaidia mtu gani."

Sikujua kama jibu amelipata, wala ni lipi. Nilinunua sabuni nisiyoihitaji.

Mchana watu walianza kuja kutazama. Nimefungua pazia, nimesafisha kioo. Wamekuja kwa makundi, wakisema hodi kwa adabu. Wanaume wanauliza ni dawa ya nini. Walipoambiwa si dawa, wakauliza tena. Mtu mmoja amekisia madebe kwa macho, amepatia. Amewanong'oneza wenzake.

Jumanne, 9 Septemba

Mzee Hango amerudi kutoka wilayani. Alikwenda kwa baiskeli, na barua yangu ya kukiri mkononi, yenye muhuri wa shule na jina langu. Wamemwelewa, anasema. Wamemkaribisha chai. Lakini mtambo umekwisha kusimikwa kwa jirani, umechimba futi nyingi, hauwezi kung'olewa. Tuombe tena mwaka kesho.

Aliniambia amesimama na baiskeli yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakunilaumu. Ameniuliza kisomo kinaendelea Alhamisi? Nikasema kinaendelea. Akasema vizuri, atakuja.

Yule mzee ana miaka sitini na tano na ameendesha baiskeli siku mbili kwa ajili ya maneno yangu mawili mafupi, maji yanatosha.

Alhamisi, 11 Septemba

Kila mtu alikwisha kuja kutazama isipokuwa Mama Ntandu. Jumamosi ile alikuwapo, tangu hapo hajaleta maji. Sikumtarajia tena. Nimekuwa nikinywa ya kuomba shuleni, watoto wanabeba chupa moja moja.

Leo saa kumi na moja jioni amepiga hodi mlango wa mbele. Ametoka korongoni moja kwa moja. Ametua debe kizingitini, limefunikwa majani ya mwitu maji yasimwagike. Moja tu, la kwake. Akasema anataka kuiona bustani.

Nikamwingiza. Akachuchumaa pale ninapochuchumaa mimi. Jua lilikuwa limehama, lakini mwanga ulitosha. Kanga yake ilikuwa imelowa begani na mgongoni, na miguu ina mchanga mweupe mpaka magotini. Nikahesabu kichwani, madebe ya miezi minane. Nikaacha kuhesabu.

"Inaliwa?"

Nikasema hailiwi.

"Ng'ombe je?"

Nikasema hata ng'ombe.

Akaitikia kwa kichwa. Kisamaki kimoja kikapita mbele ya uso wake, akakifuata kwa macho mpaka mwisho wa kioo. Akasema ni nzuri. Hakusema kwa kejeli. Nilitafuta kejeli, nilikuwa naihitaji, haikuwapo. Akarudia, ni nzuri kweli, kama mbuga baada ya mvua.

Nikaanza kuomba msamaha. Akanyanyuka katikati ya maneno yangu, magoti yakalia. Akasema barua ya mwanawe tutaiandika Jumapili, kama kawaida. Maji hataleta tena, mgongo umechoka. Nikasema ni haki yako, mama.

Alipokuwa anajitwika debe nikanyoosha mikono kumsaidia. Hakukataa. Lilikuwa zito kuliko nilivyojua, na siku zote nilikuwa nayainua ya kwangu kutoka kizingitini mpaka mtungini tu, hatua nne. Liliposhika kichwani akageuka kidogo, shingo imenyooka.

"Kesho tunatoka alfajiri, Mwalimu. Njoo nikuonyeshe pa kuchimba shimo lako."

Mwanaume kujitwika maji. Watacheka njia nzima. Nimesema nitakuja.

Nimetafuta ndoo. Ninayo moja, ya kuchanganyia matope. Nimeisugua kwa mchanga mkavu, nimeiweka karibu na mlango.